Utumbo umejengwa namna gani, na kwa nini mugonjwa wa kolera lazima anywe

Ndugu wanachama wa koperative, kila mutu aliyekwisha kusafisha matumbo ya mbuzi anajua kama utumbo si mupira wa kupitisha maji tu. Ukiukamata kwa vidole, unasikia ngozi moja inateleza juu ya ingine. Utumbo wetu sisi watu una tabaka 4. Inje kuna utando mwembamba, ili matumbo yasikwaruzane. Kisha misuli inayosukuma chakula. Kisha tabaka yenye mishipa mingi ya damu. Ya mwisho ni ile inayogusa chakula chenyewe, na kolera inafanyia kazi yake pale.

Katika utumbo mwembamba, ambao kwa mutu muzima una urefu wa karibu metre 6, tabaka hiyo imejaa vidole vidogo sana, havipiti milimetre 1, vimesongana kama miche ya mupunga ndani ya pepinieri. Kila kidole kimefunikwa na safu moja tu ya seli. Moja! Seli hizo zinaishi siku 3 mpaka 5, zinaanguka, zingine zinapanda toka chini. Hakuna shamba katika bonde la Ruzizi linalozaa upesi hivyo.

Mikrobe ya kolera haitoboi ukuta huo. Inashikamana juu ya seli na kutoa sumu inayozilazimisha zimwage chumvi, na maji yanafuata chumvi. Mugonjwa mwenye hali kali anaweza kupoteza hata litre 1 kwa saa. Ndiyo maana mutu anaamka muzima na jioni amekwisha kufa.

Wengi kwetu husema: "Musimupe maji, ataharisha zaidi." Hapo ndipo tunapoteza watu. Seli bado ziko, na mulango mumoja haukufungwa: ule unaoingiza sukari na chumvi pamoja. Zikiingia, zinavuta maji nyuma yao. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, serumu za mishipa ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi. Vifo vikashuka chini ya 4 kwa wagonjwa 100. Vidonge vya kufunga tumbo, vinavyouzwa sokoni, vinalegeza misuli tu. Seli zinaendelea kumwaga.

Kama pakiti ya SRO haiko: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: isipite chumvi ya machozi. Akitapika, ngojeni dakika 10, endeleeni polepole kwa kijiko. Mutoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Kutoka mashamba ya Katogota mupaka kituo cha afya ni mwendo, kwa hiyo mugonjwa aanze kunywa palepale ku shamba, na aendelee njiani. Maji ya Ruzizi na ya mifereji si ya kunywa wala ya kuchanganyia. Kila kundi libebe bidoni yake ya maji yenye klore toka nyumbani, na pakiti 2 za SRO ndani ya mufuko wa plastiki.