Vidole Vinavyokataa Kukunjika Asubuhi

Ndugu mfanyakazi, ukiamka na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na havikunjiki kwa saa nzima, usiseme ni uchovu wa mugodi. Uchovu hupungua ukipumzika. Baridi yabisi hukaza viungo hasa baada ya kupumzika.

Ndani ya kiungo kuna ngozi laini. Askari wa mwili, badala ya kupigana na vijidudu, wanaishambulia. Inavimba, inakula gegedu, kisha mfupa. Mara nyingi uharibifu huanza katika miaka 2 ya kwanza, na mfupa ulioliwa haurudi. Vidonge vya sokoni vinanyamazisha maumivu tu.

Sisi watu wa migodi inatuhusu. Mwaka 1953 munganga Caplan, wa Cardiff, aliandika juu ya wachimba makaa wenye ugonjwa huu na vivimbe katika mapafu. Vumbi la mawe lenye silika huongeza hatari; tumbaku huizidisha. Lowesha mwamba unapotoboa, vaa maski.

Nawe mama, ugonjwa huu hupata wanawake zaidi. Kama kusonga bukari kumekuwa taabu, nenda Sendwe au hospitali iliyo karibu. Dawa za kuzuia uharibifu zipo. Moja, metotrekseti, humezwa mara 1 kwa juma, si kila siku, wala si kwa mwenye mimba.