Mali Iliyomo Ndani ya Kifuu

Mtu wa pwani hahitaji kufunzwa kuuheshimu mnazi. Tui tumelila, makuti tumeyaezekea, makumbi tumeyafukia ufuoni tukapata usumba wa kusokotea kamba. Kifuu nacho kimetupa kata na upawa. Lakini vifuu vingi huishia jaani, au huchomwa ovyo vikawa moshi na jivu. Hapo, ndugu msomaji, ndipo tunapopoteza mali.

Kinachotenga jivu na mali ni hewa. Kifuu kikichomwa mahali pa wazi huteketea. Kikitiwa ndani ya pipa la chuma lililofungwa barabara, lenye bomba la kutolea mvuke, na pipa likapashwa moto kwa nje, hakiwaki bali hujitenga. Mvuke hupita bombani, hupozwa kwa maji na kudondoka, kama marashi ya waridi yanavyokenekwa. Matone hayo yana lami na asidi ile ile iliyomo katika siki. Gesi inayobaki huwaka, na yaweza kurudishwa chini ya pipa ikapunguza kuni. Ndani husalia makaa, kiasi cha robo hadi thuluthi ya uzani wa vifuu.

Makaa hayo yakipashwa tena kwa mvuke wa maji, penye joto la nyuzi 900 hivi, hufunguka vitundu visivyoonekana kwa jicho, na humo sumu hunaswa. Mwaka 1918, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, wananchi wa Marekani waliombwa wakusanye vifuu na kokwa za matunda, yapatikane makaa ya kutiwa katika barakoa za askari dhidi ya gesi ya sumu. Leo makaa ya vifuu husafisha maji ya kunywa, na migodini hutumiwa kunasa dhahabu.

Wala si nazi pekee. Huko Cedar Rapids, Marekani, kampuni ya Quaker Oats ilikuwa na milima ya makapi ya nafaka. Mwaka 1922 ikaanza kuyapika kwa mvuke na asidi ndani ya mitungi iliyofungwa, ikauza kimiminiko kiitwacho fafurali, chenye harufu ya lozi. Baadaye kilitumika kusafishia mafuta ya mitambo na hata kutengenezea nailoni. Magunzi ya mahindi na makapi ya miwa hutoa kitu hicho hicho.

Tahadhari lakini: moshi wa kazi hii huua, haifai kufanyiwa jikoni, na matone yale si siki ya kutia kachumbarini. Tena si kila taka ya shamba iondolewe, kwani ardhi nayo ina haki yake.

Mikoko yetu inakatwa kwa ajili ya makaa, na vifuu vimelala jaani Kwale na Kilifi. Wakulima wakiungana wakanunua pipa moja la shirika, watauza makaa badala ya kutupa taka. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.