Tairi la Trekta: la Mbele Fungua Mwenyewe, la Nyuma Ita Fundi

Trekta imepata pancha shambani, iwe Kitengela au kule ndani Kajiado, na mvua imeshaanza. Kujifanyia kazi kunaokoa pesa, lakini si kwa kila tairi.

La mbele unaliweza. Zima injini, vuta breki ya mkono, kinga magurudumu ya nyuma kwa mawe. Legeza nati kabla ya kuinua. Udongo mweusi humeza jeki, kwa hivyo weka ubao mnene chini yake. Ukishainua, egemeza eksili kwa gogo imara, kisha toa gurudumu upeleke kwa fundi wa pancha.

La nyuma ni hadithi nyingine. Mara nyingi hujazwa maji ili trekta isiteleze: lita 200 ni kilo 200, juu ya uzito wa gurudumu lenyewe. Likikuangukia, hulitoi. Hapo tunakushauri uite fundi.

Na ukinunua tairi jipya, usitume deposit kwa sababu ya picha ya WhatsApp tu. Likifika, linganisha saizi iliyoandikwa ubavuni na ya lile kuukuu, ndipo ulipe kwa till. Soma jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo. Meseji ya malipo usiifute, ndiyo risiti yako.