Cheti cha Umeme Kutoka Uingereza: Kijana Amefundishwa Nini?

Wazazi wengi wa Maskati na kwengineko katika Ghuba wakimtafutia kijana ufundi wa umeme hutazama kwanza Uingereza. Jamaa wapo kule, lugha imezoeleka, na soketi zetu za Oman ni zile zile za miguu mitatu bapa za Kiingereza. Ada inalipwa, tikiti inakatwa, na baada ya mwaka au miwili kijana anarudi na cheti. Hapo ndipo baadhi ya familia hugundua kuwa walichonunua sicho walichodhani.

Stashahada za City & Guilds za daraja la 2 na la 3 husomwa darasani na katika karakana ya chuo. Ni elimu ya maana, lakini peke yake haimfanyi mtu kuwa fundi kamili kwa hesabu za Uingereza. Lazima afanye kazi kwenye majengo ya kweli chini ya fundi aliyehitimu, akusanye ushahidi wa kazi hizo kwa ajili ya NVQ ya daraja la 3, kisha akae mtihani wa vitendo uitwao AM2, unaochukua zaidi ya siku mbili. Hapo ndipo anaweza kuomba kadi ya dhahabu ya ECS inayotambuliwa na waajiri wa kule. Kijana asiye na ruhusa ya kufanya kazi Uingereza hana pa kuukusanya ushahidi huo. Chuo cha haki humweleza mzazi jambo hili kabla ya kupokea ada. Si vyote vyenye haki.

Mimi nilikuwa karani, si fundi. Vyeti vilivyopita mikononi mwangu kwenda kwenye mafaili havihesabiki, na muhuri wa cheti hausemi mwalimu alisimama na mwanafunzi muda gani.

Na walimu ndio tatizo lenyewe. Fundi hodari wa umeme kule hupata pesa nyingi zaidi kwa kazi zake mwenyewe kuliko kwa kufundisha, basi vyuo hupata taabu kuwapata na kuwaweka. Matokeo yake ni mwalimu mmoja kugawana na kundi kubwa karakanani, na vijana kusubiri zamu ya kipimio kimoja. Kwengine mwalimu husoma maandishi yaliyoko ukutani, wanafunzi wakanakili. Kuna mtihani wa kanuni za BS 7671, toleo la 18: maswali 60 ya kuchagua jibu, saa mbili, na kitabu kimefunguliwa mbele yako. Mwenye vidole vyepesi vya kutafuta ukurasa anaweza kuufaulu bila ya kuelewa sana anachokisoma.

Nitatoa mfano unaotuhusu sisi wa huku. Waya wa kawaida wa majumbani wa milimita mraba 2.5, uliobanwa ukutani, jedwali la Kiingereza huuruhusu kubeba ampea 27. Kijana aliyekaririshwa atakujibu 27 na kupata alama yake. Aliyefundishwa atakwambia kuwa jedwali hilo limepigwa hesabu kwa hewa ya nyuzi 30, na kwamba hewa ikifika nyuzi 50 lazima uzidishe kwa 0.71. Basi 27 inashuka mpaka 19. Uingereza utaweka swichi ya kinga ya ampea 25 juu ya waya huo na kulala usingizi. Darini Maskati, mwezi wa Juni, kiyoyozi kikivuta ampea 22 mchana kutwa, swichi hiyo haitokata, na ganda la waya litaendelea kupikwa taratibu juu ya vichwa vya watu. Hesabu hii ni ya dakika mbili. Lakini mwalimu aliyepita haraka kwa kuwa London hakuna joto la namna hiyo amemrudisha kwetu kijana mwenye cheti safi na maarifa ya hatari.

Jambo jengine ni kuthibitisha kuwa umeme umekatika kabla ya kushika waya. Utaratibu ni kukata, kufunga kwa kufuli, kukijaribu kipimio penye umeme unaojulikana, kupima waya zote, halafu kukijaribu tena kipimio chenyewe, usije ukawa umekufa nacho hukujua. Hili halifundishwi kwa kusomewa. Padri aliyetufundisha useremala skuli hakukupa randa mpaka akuone unashika mbao vizuri, na akikukuta umesahau unaanza upya. Umeme unataka ukali huo huo, maana hausamehi mara moja.

Kwa hiyo mzazi mwenye kwenda kukiangalia chuo asiende siku ya wageni, siku zulia limefagiliwa. Aombe kuiona karakana siku ya kazi. Aulize mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, kila mmoja anashika kipimio saa ngapi kwa wiki, na kama mwalimu hutia hitilafu kusudi kwenye sakiti ili wanafunzi waitafute. Na kama kijana ana pasipoti ya Uingereza, aulize kwanza habari za uanagenzi: huko huchukua takriban miaka minne, lakini kijana hulipwa mshahara badala ya baba kulipa ada, na ushahidi wa kazi huupata kazini.