Je, Wajua? Ndege Wanaopita Juu ya Marabo

Kati ya Oktoba na Aprili, simama Marabo kando ya barabara ya Bunia kwenda Komanda, utazame juu. Utawaona mbayuwayu wenye koo jekundu na mkia mrefu uliogawanyika pande mbili; wengi wao walizaliwa Ulaya au Asia. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na Sahara ameivuka.

Je, wajua kwamba zamani wasomi wengi wa Ulaya waliamini mbayuwayu hulala kwenye matope chini ya maji wakati wa baridi? Aliyewafumbua macho ni korongo mmoja. Mwaka 1822 alionekana kaskazini mwa Ujerumani akiwa na mshale wa Kiafrika umepenya shingoni, urefu wake karibu sentimita 80. Alikuwa ameruka nao hadi kwao. Hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Ndipo ikajulikana alikokwenda.

Je, wajua kwamba kekeo wa Uingereza ni mkaaji wa Kongo zaidi kuliko wa Uingereza? Tangu 2011 watafiti wa BTO, shirika la Uingereza la utafiti wa ndege, wamekuwa wakiwafunga ndege hao vifaa vidogo vinavyofuatiliwa kwa satelaiti, na safari zao huishia kwenye misitu ya bonde la Kongo. Dume hufika Uingereza mwishoni mwa Aprili, na ikifika mwisho wa Juni wengi wameshaondoka. Kwenye misitu yetu hukaa miezi, wakila viwavi, hadi mwanzo wa mwaka. Wakirudi hupitia kwanza Afrika Magharibi ili wanenepe kabla ya kuikabili Sahara. Kwa hiyo wanaposema huko Ulaya kwamba kekeo “wao” wanapungua, habari hiyo ni yetu pia.

Tena sikiliza hili. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulilinganisha kekeo wanaopitia Hispania na wanaopitia Italia. Njia ya Hispania ni fupi, lakini ndiyo iliyoua zaidi, na wengi walikufa hata kabla ya kuivuka Sahara. Nafurahi kwamba jambo hili lilipimwa, kwa sababu ndege wakipungua, kidole huelekezwa Afrika upesi mno.

Hata hivyo, Afrika nayo ina uzito wake. Baada ya ukame wa Sahel wa 1968, ndege mdogo wa vichakani mwenye koo jeupe alirudi Uingereza mwaka 1969 akiwa amepungua kwa karibu robo tatu. Mvua ikikosekana huku, huko kunakuwa kimya.

Teleka, ndege mweusi mwenye mbawa kama mundu, anaweza kukaa hewani miezi 10 bila kutua. Anakula akiruka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walilithibitisha hilo mwaka 2016, na anga la misitu ya Kongo ni mojawapo ya makao yake ya msimu wa baridi.

Je, wajua kwamba si kila msafiri anatoka Ulaya? Kuna kirukanjia ambaye dume lake huotesha manyoya marefu kama riboni kwenye mbawa. Huzaa kusini mwa ikweta, kisha huhamia kaskazini, ndani ya Afrika hii hii. Safari hiyo ilielezwa mwaka 1916 na James Chapin, Mmarekani aliyekuja Kongo mwaka 1909 pamoja na Herbert Lang, wakazunguka Ituri na Uele hadi 1915.

Sasa ugonjwa. Januari 2017, buabua walikutwa wamekufa kwenye ghuba ya Lutembe, Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Hao ni ndege wa maji wanaozaa Ulaya ya Mashariki na Asia. Kirusi kilikuwa H5N8 cha homa ya mafua ya ndege. Miezi michache baadaye kirusi hicho kiliua bata na kuku wa wanavijiji kando ya Ziwa Albert, hapa hapa Ituri. Kwa mama mwenye kuku wachache tu, hiyo ni karo ya mtoto iliyokufa. Lakini kuwaua ndege pori hakuzuii kitu. Kirusi husafiri pia na kuku wanaouzwa sokoni na kwa matope ya viatu. Ukikuta ndege wamekufa kwa wingi, usiwaguse wala usiwapeleke jikoni. Mjulishe daktari wa mifugo, na kuku wako wasinywe kwenye maji wanayotua ndege wa ziwani.

Na ukikuta pete ya chuma mguuni mwa ndege? Inaweza kuwa imeandikwa “Helgoland Germania” au “Moskwa”, pamoja na namba. Kama ndege yu hai, soma namba umwachie aende zake. Kama amekufa, ipige picha pete. Andika herufi na namba zote, tarehe na jina la kijiji, kisha upeleke habari kwa ofisi ya mazingira au chuo kikuu kilicho karibu. Namba moja iliyosomwa Marabo inaweza kuonyesha ndege huyo alitoka wapi na ameishi miaka mingapi tangu alipovishwa pete.