"Zilipendwa": Njeo Iliyopita katika Kumbukumbu za Muziki wa Dansi Tabora

Neno zilipendwa, ambalo kwa umbo ni sentensi kamili (zi-li-pend-w-a), hutumika kama nomino ya kutajia nyimbo za bendi za dansi za miaka ya 1960 na 1970. Kiambishi -li- huonyesha njeo iliyopita. Hata hivyo, mkazi wa Kanyenye, mjini Tabora, anayesikiliza "Dada Asha" ya Tabora Jazz bado anaupenda wimbo huo. Je, kilichopita ni nini?

Makala hii inadai kwamba kilichopita si mapenzi bali ni utendaji. Mara nyingi wimbo wa dansi ulikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ya taratibu, yenye masimulizi, ya pili ya kasi, iitwayo chemko, ambapo wachezaji waliyaitikia magitaa kwa miili yao. Hapo ndipo mtindo wa bendi ulipojidhihirisha: Segere Matata kwa Tabora Jazz, Saboso kwa Western Jazz, Msondo kwa Nuta Jazz. Ukumbini sehemu hiyo iliweza kurefushwa kadiri hadhira ilivyotaka. Santuri ya dakika chache haikuwa na nafasi hiyo.

Kwa hiyo, mashabiki wanapokumbushana madansi ya zamani, wanakijaza kile ambacho santuri ilikiacha. Shem Karenga, mtunzi wa wimbo uliotajwa, alifariki mwaka 2014, na hadhira ya rika lake inazidi kupungua. Mtafiti atakayehifadhi kanda bila masimulizi ya hadhira hiyo atakuwa amehifadhi nusu tu ya matini.