Kabla ya kuingiza jiko la mkaa chumbani, tazama bawaba za mlango

Sumbawanga: Juni na Julai, jua likishazama, mji huu ulio juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, huwa na baridi ambayo mgeni aliyepanda kutoka Kirando au Kasanga, kule chini ziwani, hakuitarajia. Upepo hutafuta kila upenyo, na katika nyumba nyingi upenyo mkubwa kuliko yote ni mlango. Umeshuka upande wa kitasa, juu umeacha nafasi ya kupitisha kidole, chini unakwaruza sakafu.

Familia huzoea. Mlango husukumwa kwa bega, nguo kuukuu hukunjwa na kuzibwa chini yake, maisha yanaendelea. Baridi ikizidi, jiko la mkaa lililomaliza kuivisha ugali linaletwa chumbani ili watoto waote moto kabla ya kulala. Hapo ndipo bawaba iliyolegea inapokuwa suala la afya.

Mkaa uliokolea vizuri, hata kama hautoi moshi wowote, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua haiwezi kumwonya mtu. Ikishavutwa hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa oksijeni ingawa mtu anapumua. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Watoto wadogo na mimba iliyo tumboni huathirika haraka zaidi.

Wapo wanaojifariji kuwa mlango wenye nafasi utaitoa gesi nje. Hautoshi. Na ukiwa umezibwa matambara, ndiyo kabisa.

Dalili zake huwapoteza wazazi wengi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea. Nani asiyefikiria malaria? Lakini mara nyingi hakuna homa, watu wawili watatu waliolala chumba kimoja wanaumwa asubuhi moja, na wakikaa nje kwa muda wanapata nafuu. Ukiona hivyo, toa watu wote nje kwenye hewa safi, kisha nenda kituo cha afya, na usisahau kumwambia mhudumu kwamba kulikuwa na jiko ndani. Bila neno hilo anaweza kupima malaria tu, wakati mgonjwa anahitaji oksijeni.

Moshi wenyewe una madhara yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa moshi wa kuni na mkaa ndani ya nyumba karibu huongeza maradufu hatari ya nimonia kwa mtoto mdogo.

Baridi inakoingilia

Hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, kwenye mwanya kati ya ukuta na bati, na ya baridi huvutwa ndani kupitia chini ya mlango. Wazee wa Ufipa waliijua tabia hii zamani. Malungu, zile tanuri ndefu za udongo walizoyeyushia chuma, yalitobolewa matundu chini, na moto ukavuta hewa wenyewe bila mivukuto. Ndiyo maana mtoto anayelala kwenye godoro sakafuni huhisi baridi kuliko baba aliye kitandani.

Kabla ya kumwita fundi, funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi kati yake na fremu, halafu kivute. Kikitoka bila kushikwa, hapo hewa inapita. Rudia juu, katikati na chini, pande zote mbili. Kisha tazama mlango unagusa wapi. Ukigusa fremu kwa juu upande wa kitasa na kukwaruza chini upande huohuo, mara nyingi mbao haina tatizo lolote. Bawaba ya juu ndiyo imelegea.

Kwa mlango wa mbao, ingiza kabari chini ya upande wa kitasa mpaka mlango uinuke mahali pake, kisha kaza skrubu za bawaba kwa bisibisi. Skrubu ikizunguka tu bila kushika, tundu limepanuka. Itoe, jaza tundu vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi ya mbao (njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa zinafaa), subiri gundi ikauke, uifunge upya. Skrubu ndefu zaidi nayo husaidia, kwa kuwa inafika kwenye mbao ambayo haijachakaa.

Kosa linalofanyika zaidi Sumbawanga hutokea miezi mitano kabla ya baridi. Mvua za hapa huanza Novemba na kufika Aprili, na mbao huvimba. Mwezi Februari mlango unagoma kufunga, fundi anaitwa na randa, anapunguza ubavu, kila mtu anafurahi. Kiangazi kinapoingia mbao inanywea, na ule ubavu uliopunguzwa unakuwa mwanya. Mlango unaobana wakati wa mvua ukazwe kwanza bawaba. Randa ingoje mpaka mbao ikauke, kama bado itahitajika.

Milango ya plastiki ngumu, ile ya PVC inayoonekana sasa kwenye nyumba mpya, haivimbi kwa mvua kama mbao, lakini nayo hushuka kwa uzito wake. Hii hairandwi kabisa. Bawaba za milango mikubwa ya aina hii huwa na vifuniko vidogo vya plastiki; ukivibandua utakuta skrubu zenye tundu la pembe sita, zinazozungushwa kwa kifunguo kidogo chenye umbo la herufi L. Moja husogeza mlango kulia au kushoto, nyingine, mara nyingi iliyo chini ya bawaba, huinua au kushusha. Kona ya juu upande wa kitasa ikigonga fremu, bawaba ya juu ndiyo huvutwa kuelekea upande wake. Zungusha robo mzunguko tu, funga, tazama, ndipo uongeze. Mlango ukiwa umeinuliwa inabidi bawaba zote zipande sawa, la sivyo moja inabeba mzigo wote na tatizo linarudi. Ifanyeni wawili, mmoja ashike mlango.

Milango myepesi ya plastiki ya bafuni kwa kawaida haina skrubu hizo za kurekebishia. Ikishuka, skrubu zimetoka kwenye plastiki iliyo wazi ndani, na vijiti vya kiberiti havisaidii hapo. Mwachie fundi. Mlango wa chuma nao, kama bawaba yake iliyochomelewa imepinda au kukatika, ni kazi ya mtu wa kuchomelea. Grisi peke yake inaondoa kelele tu.

Wakati wote wa kazi hii watoto wakae mbali. Mlango uliotolewa bawaba ni mzito, na nafasi ya upande wa bawaba ni pale vidole vidogo vinapobanwa.

Mlango ukishakaa sawa, mwanya unaobaki chini unaweza kuzibwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari na kupigiliwa ukingoni mwa ubao. Unazuia baridi, vumbi na hata panya, jambo ambalo kila anayehifadhi magunia ya mahindi ndani ya nyumba atalifurahia. Jaribu pia kuufungua gizani kwa mkono mmoja. Mlango unaohitaji bega la mtu mzima ili ufunguke utamfungia mtoto ndani siku ya moto.

Ila nyumba inayofunga vizuri hairuhusu hata kidogo jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe. Jiko libaki jikoni au uani mpaka makaa yazimike kabisa, kwa sababu makaa yaliyofunikwa majivu bado yanatoa gesi. Kwa ajili ya joto kuna soksi, kofia, blanketi la pili na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, inayowekwa kitandani dakika kadhaa kabla na kutolewa mtoto anapopanda kulala.